Mstari Nilioufuta katika Daftari la Kavira

Butembo, mchana, siku yako ya mwisho hapa

Masika mwanangu,

Habari za sweta, dawa ya malaria na viatu vya mvua, mama yako amekuambia mara nne tangu asubuhi, mimi sizirudii. Wewe na Kavira, unayemwita yaya kama dada mkubwa, mmekwenda bureau ya uhamiaji kutafuta karatasi za kuvukia mpaka. Mama yako yuko jikoni anamnyonyoa jogoo wa mgeni. Mimi nimefunga mlango wa chumba nikajifanya nasahihisha mitihani. Hakuna mitihani, na wewe unajua. Shule imefungwa tangu wale watu waliokimbia upande wa Oicha waje kulala katika madarasa yetu. Nimekaa hapa kukuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama yako, na karatasi ya kwanza nimekwisha kuichana.

Niseme moja kwa moja, maana nikizunguka sitafika. Kesho unakwenda Kampala kuishi kwa Kavira, mwanafunzi wangu wa zamani. Utalala nyumbani kwake, utakula chakula chake, yeye ndiye atakayekutia shuleni. Na baba yake Kavira alipotea kwa kosa langu. Yeye hajui. Jana mlipokuwa mnakula alikuambia, "Papa yako ni mutu wa kweli. Hakutufichaka kitu hata siku moja." Ukanitazama ukicheka, umejaa furaha. Mimi nikasimama nikasema nakwenda kumfunga mbuzi. Masika, mbuzi tulimuuza mwezi uliopita.

Nimebakiwa na saa mbili hivi za kuamua. Nikimwambia, anaweza kuondoka kesho bila wewe, na itakuwa haki yake. Utabaki hapa, na wiki jana uliwaona mwenyewe wale wenye bunduki wakipita kwenye avenue yetu, wakiuliza kila nyumba ina vijana wangapi, wasichana kwa wavulana. Nisipomwambia, utakuwa mikononi mwake, mbali nami, na siku moja anaweza kujua kwa njia nyingine. Hapo hasira yake itakukuta wewe badala yangu. Nimegeuza jambo hili siku tatu na sijapata upande ulio salama. Kila nikisikia watu wanapita nje nadhani ni ninyi mnarudi, naifunika karatasi.

Acha nikueleze ilivyokuwa. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja.

Unajua nilivyojifunza Kingereza. Nilijifunza katika vitabu, kwa mwalimu ambaye naye alijifunza katika vitabu, na yule wa kwake pia nadhani. Nilikuwa nimefundisha miaka tisa bila kukutana na mtu hata mmoja anayekiongea dukani au njiani. Wanafunzi walikuwa wanalala katika somo langu. Mkurugenzi wa shule alikuwa anakata saa zangu kila mvua ikivunja paa, anawapa watu wa hesabu. Halafu vita vikaja, na askari wageni waliosimama kwenye barrière, vile vizuizi vya barabarani, walikuwa wanaongea Kingereza. Ghafla wale waliokuwa wakilala wakahamia viti vya mbele. Wazazi wakaanza kunisalimu kwa mikono miwili. Naona haya kuandika hivi, lakini vita vilinifanya mtu mkubwa, na nilipenda.

Somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa lile la wakati uliopo wa kawaida. Wewe nilikufundisha pale jikoni, unakumbuka, ukichambua maharagwe. Nilikuambia ni kama "anaendaka" yetu, "anafanyaka", jambo ambalo mtu hulifanya siku zote, si la leo tu. Wenzangu walimu waliandika ubaoni sentensi za kitabuni, habari za bwana mmoja anayekunywa chai saa kumi na treni inayofika saa mbili. Treni gani Butembo? Mimi nilijiona mjanja kuliko kitabu. Niliwaambia wanafunzi: andikeni watu wa nyumbani kwenu wanafanya nini kila siku, sentensi kumi, na ziwe za kweli. Nikarudia neno hilo la kweli nikigonga meza. Alikuwapo Kambale mmoja, mvivu wa kukaa nyuma, aliyeandika kwamba mbuzi wao husoma gazeti kila Jumapili. Nilimrudishia daftari nikamwambia aandike upya, ya kweli. Leo natamani wote wangekuwa kama Kambale.

Kosa lao lilikuwa moja. Mtu akisema habari za mwingine, yule baba, yule mama, kitenzi cha Kingereza kinadai s mwishoni, na watoto wote walikuwa wanaisahau. Nilisoma madaftari arobaini nikiitafuta ile s kama mtu anayechambua mawe katika mchele. Ungeniuliza nani ameisahau mara ngapi, ningekujibu bila kufungua daftari. Ungeniuliza baba ya nani anakwenda wapi, nisingejua. Watoto walikuwa wananiandikia nyumba zao zote, nani hutoka saa ngapi, nani hufunga duka na nani hulala peke yake, na mimi niliona vitenzi tu.

Kavira alikuwa hasahau s. Aliandika: My father goes to Mangina every Monday. Akaendelea hivyo hivyo mpaka kumi, vizuri kabisa. Baba yake huondoka Jumatatu kwenda Mangina. Hununua kahawa. Hurudi Alhamisi akisukuma baiskeli yenye mifuko. Hapiti barabara kubwa kwa sababu ya barrière. Hupita nyuma ya shamba la mapapai, huvuka kijito penye gogo, na hufika hapo jua likianza kushuka. Nakuandikia kwa Kiswahili lakini kwa Kingereza naziona mpaka leo, na mwandiko wake, na ile mikia mirefu ya herufi.

Ndipo akaja bwana mmoja mgeni.

Alisema ni mnunuzi wa kahawa. Alikuwa amepanga chumba karibu na kambi ya wale askari, na Kingereza chake kilikuwa kinateremka tu, bila kusimama kutafuta neno. Tulikutana pale ninaponunua chaki. Nilimsalimu kwa sentensi niliyoiandaa kichwani kwa dakika nzima, akageuka, akacheka kwa furaha, akaniita ticha. Masika, sijui nikuelezeje. Miaka tisa nilikuwa nafundisha kitu ambacho sikuwa na hakika kama kinafanya kazi, na sasa mtu amenielewa. Nilirudi nyumbani nikitembea haraka nimwambie mama yako.

Akaanza kuja hapa. Utakumbuka alikuletea biskuti. Alikuwa anakaa kwenye kile kiti cha mkono mmoja, anauliza: wanafunzi wako ni watoto wa nani, wazazi wanafanya kazi gani, watu hupita wapi siku hizi kwenda mashambani. Mimi nikijibu sentensi ndefu ndefu, nikijivunia kila kitenzi. Mara ya tatu alipoondoka, mama yako alikuwa anaosha vikombe. Akasema bila kugeuka, "Ule mutu ni mununuzi gani? Haulizake bei hata siku moja."

Nilimjibu, "Wewe hujui Kingereza."

Ni kweli hakujua Kingereza. Alijua kahawa. Amezaliwa katika nyumba ya kahawa kule Luofu, na aliona kwamba mtu ambaye haulizi bei hanunui. Nilimnyamazisha mbele yako, wewe ukiwa na biskuti mdomoni. Katika mambo yote ninayotaka uyaache hapa nyumbani usiende nayo, hilo ni mojawapo: ile sauti niliyomjibia mama yako.

Kisha bwana yule akaomba kuja darasani. Alikaa nyuma saa nzima, akawapigia watoto makofi. Mwishoni akaniambia angependa kusoma madaftari yao, achague lililo bora, ampe mwenyewe kamusi mpya. Kamusi nzima! Shule yetu ilikuwa na moja, haina herufi mbili za mwisho. Niliyafunga madaftari arobaini katika katoni ya sabuni, nikayabeba mwenyewe mpaka chumbani kwake. Hakunilazimisha. Hakuna bunduki niliyoonyeshwa. Nataka ulijue hilo, maana siku hizi kila aliyekosa anasema alilazimishwa.

Aliyarudisha baada ya siku tatu. Kamusi, akasema, inakuja kutoka ng'ambo. Sikukuta sahihisho hata moja, isipokuwa katika daftari la Kavira, mstari wa penseli chini ya sentensi ya kijito. Nikafikiri ameipenda. Nikafurahi kwa ajili ya mtoto, nikayaweka madaftari kabatini nisubiri hiyo kamusi.

Alhamisi iliyofuata baba yake Kavira hakurudi. Ijumaa Kavira hakuja shule. Tulikwenda kumtafuta, wanaume wa mtaa na wajomba zake, nami nikiwa mmoja wao, na Kavira na mama yake wakitufuata nyuma wakiita jina lake. Baiskeli tuliikuta kwenye kijito, karibu na gogo, haina mifuko. Yeye hatukumkuta. Tulitafuta siku sita. Siku ya sita tulirudi kuichukua ile baiskeli. Nilikuwa nimesimama kwenye maji, nimeshika kiti chake, niliposikia mjomba mmoja akisema, "Hii njia hakuna mutu anaijuaka. Ni yeye peke yake na bibi yake na batoto." Nikakumbuka ule mstari wa penseli, nikatoka majini. Nilisema ni baridi ya maji.

Jioni ile nilikwenda kwenye chumba cha yule bwana. Kilikuwa kimefagiliwa. Mwenye nyumba akaniambia amehama Jumamosi.

Sasa sikia nilichofanya, maana kutoa madaftari ulikuwa ujinga, lakini hili lilikuwa baya kwa makusudi. Nilikwenda shuleni, nikafungua kabati, nikatoa daftari la Kavira, na nikaufuta ule mstari wa penseli. Niliufuta polepole, karatasi isitoboke. Nikapuliza vumbi. Wiki iliyofuata nikampelekea daftari lake msibani pamoja na mchele tuliochanga walimu. Alilipokea kwa mikono miwili akapiga goti. Mama yake akanibariki.

Toka siku hiyo nimefundisha jua na maji tu. Jua huchomoza mashariki. Maji huchemka. Ng'ombe hula majani. Kambale yule yule aliinua mkono akasema, "Prof, lakini ni jua tu kila siku? Batu habafanyake kitu?" Darasa likacheka. Nilimtoa nje. Hakuna aliyejua kwa nini, naye hajui mpaka leo.

Na Kavira, ambaye alikuwa na haki ya kunitemea mate, ndiye aliyenufaika na somo langu. Alivuka mpaka na shangazi yake, akauza vitenge, akapata duka, na kila mwaka anakuja na kilo mbili za sukari za Prof aliyempa Kingereza cha kuongea na wateja. Umewahi kuniuliza kwa nini nakunywa chai chungu, bila sukari, akiwa hapa. Nilikudanganya kwamba ni meno.

Unakwenda kwenye mji ambao watu watakisifia Kingereza chako. Watakisifia, kwa sababu ni kizuri, nimekifundisha mwenyewe. Ninaogopa hizo sifa kuliko ninavyoogopa barrière zote za kutoka hapa mpaka Kasindi pale mpakani. Watakuuliza unafanya nini kila siku, unapita wapi, unarudi saa ngapi. Hayo ndiyo maswali ya kwanza katika kila kitabu cha Kingereza, na wengi watakuuliza kwa wema tu. Siwezi kukuambia usijibu. Niliwaambia hivyo wanafunzi wangu kwa miaka minne bila kusema wazi, na nilichovuna ni darasa la watoto wanaoandika habari za jua. Mtu asiyejulikana na yeyote anapita wapi, siku asipofika nani atamtafuta? Baba yake Kavira tulimtafuta mahali sahihi kwa sababu watu wake waliijua njia yake. Basi sijui, Masika. Baba yako mwalimu hajui jibu la swali hili. Mtazame anayeuliza kama mama yako anavyowatazama watu, na ukiona jambo dogo halikai sawa, usiwe na haraka ya kulieleza.

Ninachokijua ni hiki kimoja. Ule mstari nilifikiri nikiufuta utaisha. Mimi ndiye niliyebaki nao, nyumbani, kanisani, mezani na wewe. Kila ulipofanya kosa dogo ukaja kuliungama nilikukaripia kwa ukali, na ulikuwa unashangaa. Nilikuwa na wivu. Mtoto wa miaka kumi na miwili alikuwa anaweza jambo nililoshindwa.

Nasikia sauti yako kwenye lango. Mmerudi. Unacheka, bila shaka karatasi zimepatikana.

Ni saa moja ya jioni sasa. Nimemwambia.

Nilikutuma kwa jirani kuazima beseni ambalo hatukulihitaji, na nilimwambia jikoni, mbele ya mama yako, nikiwa nimesimama. Nilisema yote niliyokuandikia hapo juu, ila kwa maneno machache. Kavira alikuwa amekwisha kunawa mikono kwa ajili ya chakula. Alibaki ameiinua hivi, maji yanadondoka.

Akauliza, "Wakati tulikuwa tunamutafuta, ulikuwa unajua?"

"Siku ya sita nilijua."

"Na kisha ukanipatia kaye yangu, ile daftari."

"Ndiyo."

Mama yako alikuwa ameshika mwiko, hasogei. Kisha Kavira akaniuliza swali ambalo sikulitazamia, kwa sauti ya mwanafunzi, ya chini.

"Ile sentensi ya kijito. Ulinipatiaka ngapi?"

Nikamwambia, "Dix sur dix," kumi juu ya kumi.

Akaitikia kwa kichwa. Akafuta mikono kwenye kitenge chake, akachukua mfuko wake uliokuwa nyuma ya mlango. Mama yako akamwambia, "Kavira, mwana wangu, kula hata kidogo." Akajibu, "Hapana, mama. Leo hapana." Anakwenda kulala kwa binamu yake karibu na stendi ya magari. Nilimfuata mpaka kizingitini, sikuthubutu kuvuka. Sikumwomba msamaha, Masika. Neno lilikuwa hapo, lakini niliona kwamba nikilisema nitakuwa namwomba kitu tena. Wala sikumuuliza habari zako. Nilisimama tu, naogopa, nahesabu hatua zake kwenye changarawe.

Alipofika langoni akasimama bila kugeuka.

"Motoka itatoka saa kumi na mbili," akasema. "Masika asikawiye."

Mama yako hajasema nami ila neno moja, "Wewe na Kingereza yako," na amekwenda kukaa nje. Jogoo yupo mezani, hajaguswa. Wewe umerudi na beseni la watu na unaniuliza kupitia mlangoni kwa nini yaya ameondoka bila kuaga. Nitakufungulia sasa hivi nikupe barua hii mkononi. Nakupa leo hapa nyumbani, kabla ya safari, ili uisome ukiwa bado na nafasi ya kukataa kwenda. Ukikataa nitaelewa, na tutatafuta pa kukuficha, ingawa sijui wapi.

Lakini mimi naomba uende. Hajanisamehe, sidhani, na amekuchukua hivyo hivyo. Kama atakunyamazia njia nzima mpaka Kasindi, mwache anyamaze. Akikutazama siku nyingine akaiona sura yangu, ambayo bahati mbaya unayo, vumilia. Na siku atakapotaka kukueleza baba yako ni mtu wa namna gani, kaa chini umsikilize mpaka amalize, hata akisema makubwa kuliko niliyoandika.

Usinitetee, mwanangu.

Baba yako